Je, Wajua? Udongo, Mvua na Kakamega

Je, wajua kwamba Kakamega hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na Lodwar, kule Turkana, kama 200 tu? Mwezi mmoja wa masika hapa unaweza kumwaga maji ambayo Lodwar huyangoja mwaka mzima.

Basi, udongo upi una madini zaidi? Usikimbilie kujibu. Mvua nyingi huosha kalsiamu na magnesiamu, ikazizamisha mizizi isikofika. Kinachobaki ni udongo mwekundu wenye asidi. Ndiyo maana mkulima wa hapa huambiwa atie chokaa shambani: asidi isipotulizwa, udongo huing'ang'ania fosforasi ya mbolea aliyoinunua kwa bei ya kuumiza, na mahindi yakatoka na majani ya rangi ya zambarau. Kwenye ukame madini hayo hayajapata wa kuyaosha. Mvua ikinyesha kidogo tu, nyasi hizo!

Na ule msitu wetu mnene wa Kakamega je? Unajilisha wenyewe. Majani yakianguka huoza upesi, na mizizi ya juu juu huwahi virutubisho kabla ya mvua. Fyeka miti upande mahindi, misimu michache baadaye rutuba imeshateremka na maji mekundu ya mto Isiukhu.

Wajua kwamba nzige walioingia Kenya Desemba 2019 walikuwa uzao wa mvua ya jangwani? Mwaka 2018 vimbunga viwili, Mekunu wa Mei na Luban wa Oktoba, vililowesha jangwa la Rub' al-Khali, mpakani mwa Omani. Mchanga ukaota majani, nzige wakazaliana vizazi vitatu huko kusiko na mtu.

Harufu ya udongo mkavu ukipata matone ya kwanza hutokana na jeosmini, kitu kinachotengenezwa na bakteria. Hapa tunaifaidi Machi. Kufikia Mei, nani ana habari nayo?

Na kumbikumbi, au tsiswa kwa Kiluhya, hutoka mvua ikishalainisha ardhi. Ila hatuwangoji. Funika kichuguu kwa blanketi kuukuu, acha upenyo mmoja wa mwanga, chimba kishimo hapo. Kisha keti ugonge ardhi kwa vijiti viwili, taratibu, kama manyunyu. Ongeza kasi kidogo kidogo. Walio ndani husikia mvua. Hutoka mmoja, kumi, halafu kundi zima, mbawa zikimetameta, wakitumbukia shimoni huku jua la saa nane likiwaka.