Asiyekuwapo na Lake Halipo: Mkutano wa Kaunti Ndio Mlango wa Kandarasi

Mbele ya ofisi kuu ya kaunti mara nyingi pana ubao wa matangazo, na mbele ya ubao huo hapakosi watu. Karani atokaye kazini husimama akinakili namba ya zabuni. Mkulima aliyeleta maziwa mjini husimama akisoma kama hospitali yataka maharagwe, mahindi au kuni. Kila mmoja ana tumaini lake, lakini wengi wao wamefika wakati nusu ya shauri imekwisha. Kandarasi ya kaunti haizaliwi ubaoni. Huzaliwa miezi kadhaa kabla, katika mkutano wa hadhara ambamo makadirio ya fedha husomwa na wananchi huombwa kutoa maoni yao. Na mara nyingi viti vya mkutano huo hubaki vitupu.

BARAZA LA ZAMANI NA LA SASA

Wenyeji kukaa barazani na kushauriana juu ya barabara na masoko si jambo geni katika Kenya. Mabaraza ya Wenyeji yalianza mwaka 1925, kisha yakafuatwa na Halmashauri za Wilaya za Waafrika kwa sheria ya mwaka 1950. Lakini katika mabaraza yale ya kwanza mwenyekiti alikuwa Bwana DC, na mwananchi alikwenda zaidi kusikiliza kuliko kuamua.

Katiba ya mwaka 2010 iligeuza mambo. Iliweka kaunti 47, na serikali zake zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Kaunti ndizo zitunzazo zahanati na hospitali zake, barabara za kaunti, masoko, shule za watoto wadogo, vyuo vya ufundi vya vijijini, na huduma za kilimo na mifugo. Kazi zote hizo zahitaji vitu: changarawe, saruji, madawati, chakula cha wagonjwa, dawa za kuogeshea ng'ombe. Vitu hivyo hununuliwa kwa watu, na hapana sababu watu hao wasiwe wakulima na wafanyabiashara wa mahali pale pale.

Katiba hiyo yaagiza kwamba Bunge la Kaunti lifanye shughuli zake waziwazi, na kwamba vikao vyake na vya kamati zake viwe vya hadhara. Mwananchi hawezi kuzuiwa mlangoni ila kwa sababu maalumu ambayo Spika ameona kuwa ni ya haki. Basi mwenye kuingia na kuketi haombi hisani. Atumia haki yake.

KALENDA YA KUKUMBUKWA

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeweka tarehe nyingine ambazo yafaa kila mtu aziandike ukutani. Mpango wa maendeleo wa mwaka ujao hupelekwa Bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba. Karatasi ya mwelekeo wa matumizi hufika kabla ya tarehe 28 Februari. Makadirio yenyewe hufika kabla ya tarehe 30 Aprili, na sheria ya kuruhusu matumizi hutakiwa kupitishwa kabla ya tarehe 30 Juni.

Mwenye hekima hufuata tarehe hizo kama mkulima afuatavyo mvua. Huuliza: Je, daraja la kijito chetu limo katika makadirio? Limetengewa shilingi ngapi? Ni la mwaka huu, au ni la ahadi tu? Asiyeuliza katika mwezi wa Mei hana la kulalamikia katika mwezi wa Oktoba daraja lisipojengwa.

HATARI YA KAZI ISIYO NA FEDHA

Jambo hili lamhusu mwenye kutaka kandarasi kuliko mtu mwingine yeyote. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 yakataza ofisi ya serikali kuanza kununua chochote kabla ya kuhakikisha kwamba fedha za kutosha zimetengwa katika makadirio yaliyopitishwa. Kwa hiyo mtu aliyehudhuria mkutano aweza kujua mapema ni kazi ipi yenye fedha na ipi isiyo nayo.

Fikirini mtu mwenye lori moja. Afisa amwambia kwa mdomo, "Peleka changarawe, hati utapata baadaye." Mtu huyo akopa katika chama cha akiba na mikopo, auza na ng'ombe mmoja ili anunue mafuta na kuwalipa vibarua. Barabara yapendeza, watu wamsifu. Mwaka wa fedha waisha, naye aambiwa kwamba kazi ile haikuwamo katika makadirio, wala jina lake halimo katika kitabu cha malipo. Deni la chama labaki shingoni mwake, na karo ya watoto haina pa kutoka. Taarifa za Mdhibiti wa Bajeti zimeonyesha mara nyingi jinsi kaunti zilivyolimbikiza madeni ya wakandarasi yasiyolipwa, na wenye hati zilizo sawa pia wamengoja kwa muda mrefu. Je, asiye na hati atangoja mpaka lini? Kanuni ni moja: pasipo mkataba au LPO iliyotiwa sahihi, lori lisiwashwe.

SAA YA SANDUKU

Zabuni inapotangazwa, siku na saa ya mwisho huandikwa wazi. Ikiletwa baada ya saa hiyo, hata kwa dakika chache, hurudishwa bila kufunguliwa. Mara tu baada ya saa hiyo kamati isiyopungua watu watatu hufungua zabuni zote, na kila aliyeomba ana haki ya kuwapo au kumtuma mtu wake. Hapo husomwa kwa sauti jina la kila mwombaji na bei yake. Yafaa kwenda na kalamu. Bei iliyosomwa na kuandikwa siku hiyo haiwezi kubadilishwa na mtu yeyote baadaye, na mwenye kuiandika daftarini mwake ana ushahidi.

Wengi hawashindwi kwa bei bali kwa karatasi. Cheti cha kodi kimekwisha muda wake. Ukurasa mmoja haukutiwa sahihi. Mjenzi hakuandikishwa na Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi. Fomu isomwe mwanzo hadi mwisho, kisha apewe mtu mwingine aisome tena.

FUNGU LA VIJANA NA WANAWAKE

Sheria imetenga asilimia 30 ya ununuzi kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Hao hutakiwa kupata cheti cha AGPO kutoka Hazina ya Taifa, na badala ya kuweka dhamana ya fedha hujaza fomu ya ahadi tu. Kadhalika asilimia isiyopungua 20 ya ununuzi wa kaunti yapasa iwaendee wakaaji wa kaunti hiyo. Lakini fungu hilo halimfuati mtu nyumbani. Tena si halali mtumishi wa kaunti kujipatia kandarasi ya ofisi yake kwa kujificha nyuma ya jina la mke au la kikundi.

AKISHINDWA AFANYEJE?

Aliyekosa hutakiwa kuarifiwa kwa barua pamoja na sababu. Akiona kwamba sheria imevunjwa, ana siku 14 za kupeleka malalamiko yake kwa Bodi ya Rufani za Ununuzi wa Umma iliyoko Nairobi, nayo hutakiwa kuamua kwa muda wa siku 21. Katika zile siku 14 mkataba haupaswi kutiwa sahihi. Basi kunung'unika mkahawani kwa mwezi mzima ni kupoteza haki. Siku hazimngoji mtu.

Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo lawahusu maafisa wa kaunti, na lawahusu vilevile wananchi ambao fedha hizo ni kodi yao. Mkulima aketiye katika mkutano wa makadirio na kuandika bei ya daraja hajapata kandarasi bado, na huenda asiipate kamwe. Lakini daraja likijengwa atajua liligharimu kiasi gani, na lisipojengwa atajua ni nani wa kuulizwa.