M35.3: Ugonjwa uliohamahama sura

Karani wa bima akiona M35.3 kwenye fomu, ameshamaliza kazi yake. Mgonjwa ana polimialgia rumatika: uvimbe unaoleta maumivu na kukakamaa kwa mabega, shingo na nyonga, kwa watu waliovuka miaka 50. Malipo yaende au yasiende, ugonjwa unajulikana. Daktari aliyeuandika msimbo huo hana uhakika wa namna hiyo. Hakuna kipimo hata kimoja, si cha damu wala cha picha, kinachoweza kusema peke yake kwamba huu ndio ugonjwa wenyewe.

Anayeugua mara nyingi ni mama wa miaka sabini na kitu. Wanawake huupata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Jana alifua, leo hawezi kuinua mkono achane nywele. Kugeuka kitandani kunahitaji msaada. Kuvaa blauzi ni vita. Jua likipanda mwili unaanza kulegea, na akifika kliniki mchana anaweza kuonekana kama mtu anayetia chumvi.

Ajabu ni kwamba misuli inayolalamikiwa haina ugonjwa. Damu ikipimwa kimeng'enya kinachovuja misuli inapoharibika, kiwango huwa cha kawaida. Uvimbe uko kwenye vifuko vya ute vinavyolainisha mabega na nyonga na kwenye utando wa viungo hivyo, na ultrasaundi nzuri huweza kuuona. Vipimo vya damu vinavyoonyesha uvimbe, ESR na CRP, kwa kawaida hupanda, lakini hivyo hupandishwa pia na kifua kikuu, saratani na hata jipu la kawaida.

Kwa hiyo daktari anafika kwenye M35.3 kwa kuondoa. Anaondoa baridi yabisi ya viungo, ambayo kwa wazee huweza kuanza kwa sura hiyohiyo. Anaondoa polimiositi, M33.2, ambamo misuli kweli imedhoofika. Anauliza kama mgonjwa anameza dawa za kushusha kolesteroli, maana baadhi yake huumiza misuli. Anapima tezi ya shingo na kutafuta dalili za saratani ya damu. Fibromialgia, M79.7, nayo huuma mwili mzima, ila haipandishi vipimo vya uvimbe. Mwaka 2012 jumuiya za mabingwa wa viungo wa Ulaya na Marekani zilitoa vigezo vya pamoja: umri na maumivu ya mabega yote mawili ni masharti ya kuanzia, kisha kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya dakika 45 na kadhalika, kila kimoja na alama zake. Lakini walieleza wenyewe kwamba vigezo hivyo ni vya kupanga wagonjwa kwenye utafiti, si vya kutolea hukumu kliniki.

Mtu anaweza kudhani kwamba ugonjwa wenye msimbo rasmi unaeleweka kikamilifu. Ukifuatilia misimbo ya ugonjwa huu kwa miaka, unaona kinyume chake.

Daktari Mskoti William Bruce aliueleza mwaka 1888, akauona kama aina ya jongo la wazee. Jina la polimialgia rumatika lilitolewa na Stuart Barber, Mwingereza, mwaka 1957. Katikati ya miaka hiyo orodha ya kimataifa ya magonjwa (ICD), inakotoka misimbo hii, ilikuwa imezaliwa: Jacques Bertillon, mtakwimu wa Kifaransa, aliiwasilisha Chicago mwaka 1893. Orodha yake ilihesabu sababu za vifo tu. Maradhi yanayomtesa bibi miaka miwili bila kumuua hayakuwa na pa kuandikwa. Ni mwaka 1948, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipochukua usimamizi na toleo la sita kupitishwa, ndipo magonjwa ya walio hai yalipopewa nafasi yake.

Katika toleo la tisa, ICD-9, polimialgia rumatika ilikuwa namba 725, kwenye fungu la maumivu ya baridi yabisi yasiyohusu mgongo. Lilikuwa fungu la mchanganyiko, jirani na kano zilizovimba. Wakati huo ndugu yake wa hatari, uvimbe wa mishipa ya ateri unaopenda kushika panja, alikuwa mbali kabisa: 446.5, sura ya magonjwa ya moyo na mishipa ya damu. Kwa msomaji wa takwimu, haya yalikuwa magonjwa mawili yasiyojuana.

Kliniki zilikuwa zinaona vingine. Karibu nusu ya wenye uvimbe wa ateri za panja wana pia dalili za polimialgia, na sehemu ya wenye polimialgia huja kupata uvimbe wa ateri. Toleo la kumi, lililoidhinishwa mwaka 1990, likayaleta yote kwenye fungu moja la magonjwa ya tishu unganishi: polimialgia peke yake M35.3, uvimbe wa ateri peke yake M31.6, na yakikutana M31.5. Hospitali na kliniki za Marekani hazikuhama kutoka toleo la tisa hadi Oktoba 1, 2015, hivyo kwa miaka mingi Wamarekani na wenzao wa Ulaya waliandika ugonjwa mmoja kwa namba mbili zisizofanana hata kidogo.

Hapa ndipo msimbo unapoacha kuwa mambo ya makarani. M35.3 na M31.5 haviandikwi pamoja kwa mgonjwa mmoja katika mfumo wa Marekani. Kanuni inakataza, unachagua kimoja. Na nyuma ya uchaguzi huo kuna dozi. Polimialgia peke yake huanzishiwa steroidi ya prednisoloni, miligramu 12.5 hadi 25 kwa siku. Ateri zikiwa zimeshikwa, dozi hupanda hadi miligramu 40 au 60, na hupandishwa siku hiyohiyo, kwa sababu mshipa unaolisha jicho ukiziba, upofu haurudi nyuma. Maumivu mapya ya kichwa, ngozi ya kichwa kuuma ikiguswa, taya kuchoka wakati wa kutafuna au jicho kupoteza nuru ghafla ni dalili za kukimbilia hospitali, hata kama faili linasema M35.3.

Toleo la kumi na moja, lililoanza kutumika rasmi Januari 2022, limeyatenganisha tena magonjwa hayo mawili. Polimialgia sasa ni FA22, katikati ya magonjwa ya uvimbe wa viungo, hatua mbili tu kutoka baridi yabisi. Uvimbe wa ateri umepelekwa kwenye sura ya magonjwa ya kinga ya mwili, 4A44.2. Mgonjwa mwenye yote mawili huandikiwa misimbo iliyounganishwa kwa mkwaju. Binafsi naona toleo la kumi lilikuwa na busara zaidi kwenye hili, maana M31.5 ilimlazimisha mwandishi kufikiria macho ya mgonjwa. Lakini nafasi ya FA22 inaendana na ushahidi wa ultrasaundi, na ushahidi huo ni wa kweli.

Ugonjwa huu umeandikwa sana Skandinavia na Minnesota, jimbo la Marekani walikohamia watu wengi wa asili hiyo. Afrika ripoti zake ni chache. Damu na nasaba vina sehemu yao. Ila tukumbuke pia jinsi tunavyoandika: mzee anaambiwa ni umri au baridi imeingia mifupani, anapewa diklofenaki, na kwenye rejista ya MTUHA, mfumo wa taarifa za afya wa Tanzania, yenye orodha fupi anaingia kwenye magonjwa mengine. Aliyeingizwa humo hawezi kuhesabiwa baadaye.

Kosa la upande wa pili lipo pia, nalo ni kuandika msimbo mapema. Wagonjwa wengi wa polimialgia hupata nafuu kubwa ndani ya siku chache za prednisoloni, na daktari hushawishika kuifanya dawa kuwa kipimo. Steroidi hutuliza magonjwa mengi, yakiwemo baadhi ya yale aliyopaswa kuyaondoa. Kanuni za Marekani kwa wagonjwa wa nje zinakataza kuandika msimbo wa ugonjwa unaoshukiwa tu. Huandikwa dalili, kwa mfano maumivu ya bega, au R70.0 kwa ESR iliyopanda, mpaka daktari aamue.

Akishaamua, faili lirekebishwe. Matibabu huchukua mwaka au zaidi, dozi ikishushwa polepole, na muda huo wote tezi zilizo juu ya figo zimezembea kutengeneza homoni zake zenyewe. Mgonjwa akilazwa mji mwingine kwa malaria au kuvunjika mguu, na faili linaonyesha maumivu ya misuli tu, M79.1, anayempokea anaweza kuiona prednisoloni kama dawa isiyo na sababu na kuikatisha ghafla. Shinikizo la damu huporomoka. Marekani ipo hata Z79.52, msimbo wa mtu anayetumia steroidi kwa muda mrefu, unaowekwa kando ya ule wa ugonjwa. Pasipo na mfumo huo, kadi ndogo yenye jina la ugonjwa, dozi na tarehe ya kuanza hufanya kazi hiyohiyo.