UKIKAA NDANI, USIKAE BURE

Miili yetu imezoea kazi. Mtu wa Msimbati huamka alfajiri kuwahi maji yakikupwa. Mtu wa Kilambo huenda kwenye mpunga wake katika bonde la Ruvuma. Wengine wako kwenye mikorosho na mihogo. Hakuna anayesema anafanya mazoezi, lakini mazoezi ni hayo hayo. Sasa likija gonjwa la kuambukiza, mtu akaambiwa akae nyumbani wiki mbili au tatu, kazi hizo hukatika ghafla. Je, mwili nao ulale?

Tuliyoyaona

Mgonjwa wa kwanza wa korona (UVIKO-19) Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi, 2020. Kesho yake serikali ikafunga shule. Wasafiri kutoka nje walitakiwa kukaa karantini siku 14. Wengi wetu hatukufungiwa ndani, lakini ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji ilitangaza hali ya hatari kuanzia tarehe 1 Aprili. Uganda watu walizuiwa majumbani, hata kukimbia njiani kwa mazoezi kukakatazwa. Mwezi huo wa Aprili, Rais Museveni alionyeshwa katika video akikimbia peku ndani ya ofisi yake. Kisha akajiinua kwa mikono mara 30. Alikuwa na miaka 75.

Msidhani mambo haya yamepita. Mwaka 2023, na tena mwaka 2025, ugonjwa wa Marburg uliingia mkoa wa Kagera. Mtu aliyegusana na mgonjwa wa Marburg huangaliwa siku 21. Basi yafaa tujue mapema la kufanya.

Kwa nini mwili usilale

Moyo husukuma damu mpaka miguuni. Damu hiyo ikirudi juu husaidiwa na misuli ya miguu. Ukitembea, misuli huikamua damu ikapanda. Ukikaa kutwa nzima, damu huenda polepole. Miguu huvimba, na pengine damu huganda ndani ya mshipa. Hiyo ni hatari.

Misuli isiyofanya kazi hunywea. Mzee akilala wiki mbili, siku ya kuinuka magoti hayana nguvu, na kuanguka ni rahisi. Mwenye ugonjwa wa sukari naye aangalie, maana misuli inayofanya kazi hutumia sukari iliyo katika damu. Asipojongea, sukari hupanda. Na tukumbuke kwamba wenye sukari na presha ndio ambao korona iliwaumiza sana.

Mambo ya kufanya

1. Tembea. Zunguka uani, usiende kwa jirani. Kama huruhusiwi kutoka chumbani, nenda na kurudi humo humo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Unaweza kuigawa: dakika 10 asubuhi, 10 mchana, 10 jioni. Mwendo uwe wa haraka kidogo: uweze kuongea, lakini kuimba kukushinde.

2. Kaa, inuka. Tumia kiti kisichoyumba. Inuka na kukaa mara 10, pumzika, kisha rudia.

3. Sukuma ukuta. Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja, kunja viwiko, jisukume nyuma. Fanya mara 10.

4. Simama kwa mguu mmoja. Hili linawafaa sana wazee, lakini washike nguzo wasianguke.

5. Fanya kazi za nyumbani. Kutwanga, kufagia uwanja, kupasua kuni, yote ni mazoezi. Lakini ukiwa mgonjwa, au umetengwa, usiguse chakula wala vyombo vya wenzako. Fanya hayo manne ya juu.

Hapa nina neno kwa akina baba. Mama anayetwanga, kupika na kufua tangu alfajiri hana upungufu wa mazoezi. Ana upungufu wa msaidizi! Baba uliye mzima, umekaa barazani unangoja ugali, mchi ule pale. Mchi hauulizi nani ameushika.

Tahadhari

Ukiwa na homa, pumzika. Ukibanwa kifua, ukikosa pumzi au ukipata kizunguzungu, acha mara moja, umpashe habari mhudumu wa afya. Aliyepona aanze kidogo kidogo. Mwenye dawa za presha au sukari asiziache eti kwa sababu anafanya mazoezi.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Nasi tusome, tujadiliane, kisha tutende.

Maswali ya kujadili

1. Nyumbani kwako nani hukaa kutwa bila kujongea? Kwa nini?
2. Kazi gani za uani wanaume wanaweza kuzifanya kuanzia leo?
3. Tukiambiwa tukae ndani siku 21, nani atamsaidia mzee anayeishi peke yake, na kwa njia gani bila kumwambukiza?