Tukate Majani Mara Ngapi?

Kila mvulana aliyepita katika shule hii anaijua slasha, au fyekeo kama waitavyo ndugu zetu wa Tanzania. Wengine waliijua kwa zamu ya Jumamosi, na wengine kwa sababu ya kuchelewa kengele. Lakini ni wachache kati yetu waliojiuliza: Je, majani ya uwanja yafaa kukatwa mara ngapi? Mimi nililipata jibu kwa aibu, nami nataka kuwaeleza wenzangu, na pia wanafunzi wa zamani ambao sasa wana nyumba zao na viwanja vyao mbele ya baraza.

Mwaka jana, mwezi wa Februari, wazazi walikuwa karibu kututembelea. Jua lilikuwa kali, na mvua haikuwa imenyesha kwa majuma kadhaa. Mimi nilikuwa kiranja wa kazi za nje. Niliwaamuru wavulana wakate majani ya mteremko ulio juu ya bweni letu mpaka chini kabisa, ili pawe safi na tusiwe na kazi hiyo tena upesi. Mzee mtunza bustani alipopita alisimama, akatikisa kichwa, akaniambia, "Mwanangu, majani hayanyolewi kama kichwa." Nilicheka, nikamjibu, "Mzee, yataota tu." Siku ya wazazi pakapendeza kweli. Lakini baada ya majuma mawili mteremko uligeuka rangi ya kahawia, na mabaka ya udongo mtupu yakaonekana. Mwezi wa Machi mvua kubwa ikaja, ikauchukua udongo ule mwekundu, ikaujaza katika mfereji, na maji yakaingia bwenini. Tulizibua mfereji kwa majembe na makarai siku nyingi, na makovu ya mmomonyoko yapo hata leo.

Kosa langu lilikuwa nini? Jani ndilo jiko la mmea. Humo chakula hupikwa kwa nguvu ya jua, kisha hupelekwa mizizini. Ukiondoa jani karibu lote, mizizi hushinda njaa. Mwaka 1955 mtaalamu wa Marekani, F. J. Crider, alitangaza majaribio yake juu ya jambo hili. Aliona kwamba nyasi zikiondolewa nusu ya majani yake au zaidi kwa mara moja, mara nyingi mizizi husimama isikue kwa muda. Kwa hiyo watunza viwanja wana kanuni moja: usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Ukitaka majani yabaki na urefu wa sentimita 6, yakate yakifika 9. Usingoje yafike 20.

Ukiifahamu kanuni hii utaona kwamba si kalenda iamuayo siku ya kufyeka, bali mvua. Hapa kwetu Buganda, karibu na ziwa, twapata mvua nyingi mara mbili kwa mwaka: Machi mpaka Mei, na Septemba mpaka Novemba hivi. Katika miezi hiyo kata mara moja kila juma, na mvua ikizidi, hata kila siku tano. Mvua ikipungua mwezi wa Juni, kila majuma mawili yatosha. Wakati wa jua kali, yaani Julai, na tena Januari na Februari, kata mara moja kwa mwezi, au usikate kabisa kama majani hayakui. Tena, kiangazi kikikaribia yaache yazidi kidole kimoja kuliko kawaida, maana hutia udongo kivuli usikauke upesi.

Kila aina ina kimo chake. Ukoka, utambaao chini, huvumilia kukatwa mpaka upana wa vidole viwili. Pasipalamu, yenye jani pana, ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini na sasa imejaa katika nyua za Kampala, yataka vidole vinne. Wakati wa mvua pasipalamu huchomoza mabua ya mbegu yaliyogawanyika kama panda. Usidanganywe nayo: pima jani, usipime bua.

Juu ya kazi yenyewe, noa slasha yako kwa tupa, kwa kuwa slasha butu huchana jani, na ncha zake hukauka. Usifyeke asubuhi majani yakiwa na umande. Vipande vifupi viache palepale, vitaoza viwe mbolea. Virefu vikusanye ukavitandaze migombani. Ukiviacha vimelala kwa chungu, majani ya chini yatakufa.

Najua wengine watasema kwamba majani marefu ni maficho ya nyoka. Ni kweli, na karibu na mabweni hatuwezi kufanya mchezo. Lakini nyoka hujificha vizuri katika magugu yafikayo magotini, si katika majani ya vidole vinne. Dawa yake ni kufyeka mara nyingi, wala si kufyeka chini. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na hapa maneno yao ni ya kweli: kidogo kila Jumamosi ni kazi nyepesi kuliko msitu mara mbili kwa muhula.

Muhula huu tumepanda vipande vya ukoka katika mteremko ule, safu kwa safu, kuukinga udongo na maji yateremkayo. Yule mzee ndiye aliyetuonyesha, nami nilichimba safu ya kwanza. Mizizi imeanza kushika. Basi ninyi wanafunzi wa zamani, mkija kututembelea, tafadhali zungukeni kwa njia ya kanisani, msipite juu yake.