Ujuzi wa Fundi Nao Uingie Kwenye Mfumo

Mimi ni ofisa wa wafanyakazi, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepitia viwanda vya sukari vya Kaunti ya Kakamega. Siku hizi kampuni kubwa hazizungumzi ila mfumo mpya wa rasilimali watu: faili za karatasi zihamie kwenye kompyuta, kadi za mlangoni ziondolewe, likizo iombwe kwa simu. Naunga mkono mabadiliko haya kwa moyo wote. Lakini mfumo unaojua mfanyakazi ameingia saa ngapi, bila kujua anaweza kufanya nini, umemaliza nusu tu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi.

Hiyo nusu rahisi nayo ina faida zake. Tangu 2023 makato ya mshahara nchini Kenya hayatulii. Ilikuja ada ya nyumba ya asilimia 1.5, mwajiri naye akitakiwa kuongeza kiasi hicho hicho. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, imekuwa ikipanda kwa awamu. Oktoba 2024 bima ya afya ya SHIF ikachukua nafasi ya ile ya NHIF, ikawa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato. Kila badiliko humlazimu karani wa kalamu na kikokotoo kupiga upya hesabu ya kila mtu, wakiwemo vibarua wa msimu ambao siku zao za kazi hazilingani. Akiteleza mahali pamoja, mama wa watu anafika hospitalini na kuambiwa mchango wake hauonekani. Kwenye kompyuta kiwango hubadilishwa mara moja, na kila hesabu ikafuata. Sheria ya Ajira ya 2007 pia inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya mshahara yanayoonyesha kila kato. Ujumbe mfupi unaweza kumfikishia hayo hata mwenye simu ya mulika mwizi.

Nusu ngumu niliiona kiwanda kimoja nilichofanyia kazi kilipoleta mashine ya kusoma alama za vidole. Vijana wa ofisini walipita bila shida. Akaja mzee mmoja, mpishi wa sukari wa zamu ya usiku, akaweka kidole, mashine ikakataa. Akapangusa, akajaribu kingine, ikakataa tena. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imelainishwa na kazi hata mistari ikafifia. Akanitazama akasema, “Mwanangu, sasa mimi sipo kazini?” Nilimwandika kwa mkono, kisha nikaenda kumtazama akifanya kazi.

Mpishi wa sukari husimamia chombo kikubwa kilichofungwa, ambamo hewa hupunguzwa ili maji ya muwa yaliyokolezwa yachemke kwa joto dogo bila kuungua. Huchomoa sampuli kwa fimbo maalumu, akaipaka kwenye kipande cha kioo na kuiinua kwenye taa aangalie punje. Halafu huisugua kati ya gumba na kidole cha shahada. Kwa mguso huo anajua kama punje zinakua sawasawa, au kama vumbi la punje changa limeanza kujitokeza. Vumbi hilo likiachwa huziba mashine zinazotenganisha sukari na molasi, na pishi lililoharibika hurudishwa kuyeyushwa upya. Vidole vilivyokataliwa mlangoni ndivyo vilivyokuwa vikiamua ubora wa sukari ya usiku ule. Nikafungua faili yake: jina, nambari, tarehe ya kuajiriwa, barua moja ya onyo kwa kuchelewa. Juu ya upishi wake hapakuwa na hata mstari mmoja.

Magharibi mwa Kenya tunajua gharama ya pengo hilo. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliundwa 1971, ikaanza kusaga miwa 1973, na 2001 hisa zake zikaingia Soko la Hisa la Nairobi. Ilizalisha sukari, umeme wa makapi ya miwa na ethanoli. Madeni yakailemea, na Septemba 2019 benki ya KCB iliyokuwa ikiidai ikateua msimamizi wa kushika mali zake. Desemba 2021 ikakodishwa kwa Sarrai Group ya Uganda kwa miaka 20. Kiwanda kikubwa kikianguka, wachomeleaji, mafundi wa boila na wapishi wa sukari hutawanyika. Nimewahoji mafundi wa namna hiyo wakitafuta kazi mpya. Mikono yao inajua, ila mkobani wamebeba cheti cha utumishi tu. Sheria inamdai kila mwajiri atoe cheti hicho, lakini aghalabu husema mtu alifanya kazi gani, tangu lini hadi lini. Kiwango cha ujuzi hakimo.

Dawa ipo, tena imeshalipiwa. Kila mwajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, ada ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani. Kampuni ya watu 1,000 hutoa shilingi 600,000 kwa mwaka, na inaweza kudai kurudishiwa gharama za mafunzo, mradi iombe kibali kabla ya kuyaanza. NITA hutahini mafundi kwa gredi, kuanzia ya tatu kupanda hadi ya kwanza, na ina kituo Kisumu, mwendo mfupi kutoka kwetu. Aidha, uko utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, unaosimamiwa kitaifa na KNQA, mamlaka ya sifa za elimu na mafunzo: fundi huonyesha anachokijua mbele ya mtahini, akapewa cheti bila kurudi darasani miaka. Kwa vijana tunayo politekniki ya Sigalagala, inayofundisha ufundi wa mitambo.

Ndani ya kampuni, anza na rejista ya ujuzi. Kila idara iorodheshe kazi zake, na mbele ya kila kazi iandike nani anaiweza peke yake, nani anaiweza akisimamiwa, na nani anaweza kumfundisha mwenzake. Tuseme boila ina waendeshaji watatu stadi, wawili wakikaribia kustaafu. Rejista itakuonyesha hatari hiyo mapema, umweke kijana kando ya kila mzee wakati bado wapo.

Wafanyakazi wengi huogopa kwamba kompyuta inakuja kuwapunguza, na hofu hiyo haitulizwi kwa tangazo ukutani. Chama cha wafanyakazi kikae mezani tangu siku ya kwanza. Waambiwe alama za vidole zinachukuliwa kwa sababu gani na nani atazitunza, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawapa haki ya kujua. Na aliyechakaa vidole kwa kazi apewe njia nyingine ya kujitambulisha.

Fundi, dai cheti chako cha utumishi, tunza maelezo ya mshahara, na uliza idara yako lini utapelekwa kutahiniwa. Meneja, kabla ya kutia sahihi mkataba wa mfumo mpya, muulize muuzaji akuonyeshe ujuzi wa mpishi wako wa sukari utaandikwa wapi. Asipokuonyesha, usitie sahihi.