Daftari la Msikiti Linapohamia Kwenye Kompyuta

Kwa miaka mingi daftari la msikiti lilikuwa kitabu kikubwa chenye jalada gumu, kikikaa kabatini kwa katibu. Humo yaliandikwa majina ya kaya, michango ya ujenzi, wajane na mayatima, na waliopewa zaka na fitri. Sasa kamati nyingi zinalihamishia daftari hilo kwenye kompyuta, na hapa Kwashemshi, wilayani Korogwe, nasi tumefanya hivyo. Jambo hilo ni jema. Lakini kompyuta ina tabia moja ambayo kitabu hakikuwa nayo: hujibu swali uliloliandika, wala si lile ulilokusudia kuuliza, na jibu lake hutoka limepangwa vizuri hata likiwa si sahihi. Anayeumia kwa jibu hilo mara nyingi ni mjane asiyejua kuwa jina lake lilipaswa kuwamo.

Uislamu si mgeni wa madaftari. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 ya Suratul Baqara, inaelekeza deni liandikwe na mwandishi aandike kwa uadilifu. Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.) ndiye aliyeanzisha diwani, yaani orodha ya watu na posho zao kutoka hazina ya Waislamu. Kilicho kipya kwetu ni chombo tu. Hifadhidata ya kimahusiano, ambayo misingi yake ilielezwa mwaka 1970 na Mwingereza Edgar Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM nchini Marekani, haiweki mambo yote katika orodha moja ndefu. Huyagawa katika majedwali: jedwali la kaya, la watu, la michango, la migao. Kila jambo huandikwa mara moja mahali pake, kisha majedwali hufungamanishwa kwa namba. Mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wa OpenMRS, ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, umejengwa juu ya misingi hiyo hiyo. Kinachoifaa hospitali yenye maelfu ya wagonjwa kinaufaa pia msikiti wa kijijini, ila tu hospitali ina mafundi wake, nasi tuna mjumbe mmoja wa kamati na kompyuta aliyoazimwa.

Tatizo linalotangulia mengine yote ni majina. Katika kata kama yetu si ajabu kuwakuta akina Juma Athumani watatu, na wawili wao wakawa wa kitongoji kimoja. Upande wa pili, mtu mmoja huandikwa mara mbili: Hadija katika jedwali la michango, Khadija katika orodha ya wajane, Ramadhani kwa karani huyu, Ramadhan kwa yule. Kwa binadamu hizo ni tofauti za matamshi tu, lakini kwa kompyuta herufi moja ikizidi huyo ni mtu mwingine. Hata nafasi tupu isiyoonekana, iliyobaki nyuma ya jina baada ya kidole kugusa kitufe, yatosha kulifanya jina lisipatikane linapotafutwa. Matokeo yake ni moja kati ya mawili: watu wawili hufanywa mmoja, na mmoja wao akakosa haki yake, au mmoja hufanywa wawili, akapata mara mbili.

Waliosoma elimu ya hadithi watalitambua tatizo hili mara moja. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria sawa na 1071 Miladia, aliandika kitabu kizima, al-Muttafiq wal-Muftariq, kuhusu wapokezi wanaofanana majina ilhali ni watu mbalimbali. Akaandika na kingine kuhusu makosa ya kuwaunganisha watu wawili wakawa mmoja, na ya kumgawa mmoja akawa wawili. Wanazuoni hawakuridhika na jina peke yake. Walitazama kunya, nasaba, mji, walimu na mwaka wa kufariki. Nasi tunapomwandikisha mtu tunataka jina la baba na la babu, kitongoji, na mwaka wa kuzaliwa hata ukiwa wa kukadiria. Kisha ndani ya hifadhidata kila mmoja hupewa namba yake, isiyo na maana nyingine yoyote na isiyobadilika maisha yake yote. Namba hiyo ndiyo inayofunga majedwali, na majina huachiwa macho ya wasomaji.

Hapa pana jambo la adabu. Wazee wa maeneo ya mkonge wanalikumbuka neno manamba, walivyoitwa vibarua walioletwa mashambani kwa mkataba na kujulikana kwa namba zao. Baadhi yao hawapendi hata kusikia kuwa msikiti umewapa namba, na hatuwezi kuwalaumu. Basi namba ibaki ndani ya mashine, na orodha yoyote inayosomwa mbele ya watu iwe ya majina na ubini. Wengine hushauri itumike namba ya simu. Ushauri huo haufai: laini hupotea, hubadilishwa, na simu moja hutumiwa na nyumba nzima. Namba ya kitambulisho cha taifa nayo watoto wengi hawana, na mayatima ni watoto.

Jambo hilo latufikisha kwenye hitilafu inayotisha kuliko zote. Mzee amefariki, karani, kwa nia njema, anafungua jedwali la watu na kulifuta jina lake. Programu ikiwa imepangwa kufuta kila kilichofungamana na mtu huyo, basi michango yake yote hutoweka, na watoto walioandikwa chini yake hutoweka pamoja naye. Ikiwa imepangwa vinginevyo, hukataa na kutoa onyo kwamba kuna mistari mingine inayomtegemea. Makarani wengi huliona onyo hilo kama usumbufu, wakatafuta njia ya kulizima. Hilo ni onyo la kushukuriwa. Katika sheria yetu yatima ni mtoto asiyebaleghe aliyefiwa na baba, kwa hiyo kifo cha baba ndicho kinachothibitisha haki ya mtoto katika orodha hiyo. Ukimfuta baba umefuta ushahidi. Dawa yake ni ndogo: jedwali la watu liwe na safuwima ya hali na safuwima ya tarehe ya kufariki, na marehemu abaki mahali pake. Kitufe cha kufuta tumekiondoa kabisa kwa karani. Na onyo la namna hiyo likitokea wakati wa kuandika mchango, maana yake ni kwamba mchangiaji hajaandikishwa bado, au namba yake imekosewa. Aandikishwe kwanza.

Tatizo la kisanduku kitupu ni gumu zaidi kulieleza, na tunaomba msomaji atuvumilie. Katika hifadhidata kuna tofauti kati ya sifuri na kutojulikana. Kaya iliyoandikiwa kipato sifuri haina kitu. Kaya ambayo kisanduku chake ni kitupu haijaulizwa. Hadi hapo ni rahisi. Sasa tuseme kwenye jedwali la fitri kuna safuwima inayoandikwa "ndiyo" kwa kaya iliyokwisha kupewa na "hapana" kwa isiyopewa, na nyingine hazijaandikwa chochote. Karani anaiambia kompyuta: nipe kaya zote ambazo jibu lake si "ndiyo". Mtu yeyote angedhani visanduku vitupu vitatoka pia, kwa sababu kilicho kitupu hakika si "ndiyo". Havitoki. Kompyuta husema moyoni mwake kwamba jambo hili silijui, na lisilojulikana haliingizwi kwenye jibu. Lugha ya SQL, ambayo karibu hifadhidata zote za namna hii huitumia, ndivyo inavyofikiri: kuna kweli, kuna si kweli, na kuna halijulikani.

Uzito wake unaonekana usiku wa kuamkia Idi. Fitri ina wakati wake. Ikitolewa baada ya swala ya Idi huhesabiwa sadaka kama sadaka nyingine. Kaya iliyosahaulika usiku huo haiwezi kulipwa fitri ile baada ya swala. Tiba ziko mbili. Ya kwanza, swali liandikwe waziwazi: ambazo jibu lake ni "hapana", au ambazo kisanduku chake ni kitupu. Ya pili haihitaji ujuzi wowote na kila kamati inaweza kuifanya leo, nayo ni kujumlisha. Tuseme kaya zilizoandikishwa ni 180. Orodha ya waliopewa ina kaya 110 na ya wasiopewa ina 45. Jumla ni 155. Kaya 25 ziko wapi? Hesabu hiyo ya dakika moja tunaifanya kwa kila orodha, kabla ya gunia hata moja la mahindi kutoka ghalani.

Upande wa fedha, kosa linalowashangaza waweka hazina ni jumla inayovimba. Baba mmoja ana watoto 4 na ametoa michango 3 ya shilingi 5,000. Mtu akiunganisha jedwali la watoto na la michango kwa pamoja, kila mchango hurudiwa mbele ya kila mtoto: mistari inakuwa 12, na shilingi 15,000 zinasomeka 60,000. Hakuna onyo lolote linalotolewa, kwa kuwa kwa upande wa mashine hakuna kilichoharibika. Dalili yake ni jumla ya kompyuta kuipita ile ya kitabu cha stakabadhi. Michango ijumlishwe kwanza kwa kila mtu, ndipo jumla hiyo iunganishwe na mengine. Tungependa hili lifahamike vizuri, maana jumla ya namna hii ikisomwa mbele ya waumini, mweka hazina mwaminifu hutazamwa kama mwizi.

Umeme nao una sehemu yake. Kuhamisha fedha kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine ni vitendo viwili, kupunguza huku na kuongeza kule, na umeme ukikatika katikati fedha inaweza kupungua huku bila kuonekana kule. Hifadhidata huvifunga vitendo hivyo viwili kuwa muamala mmoja: ama vyote vinatimia, ama vyote vinarudi nyuma kama havikuwahi kuanza. Lakini anayeiandika programu ni lazima auseme mwanzo na mwisho wa muamala. Asiposema, kila kitendo hukamilika peke yake. Kamati inayotengenezewa programu na fundi imwulize jambo hilo kabla ya kumlipa. (Kuhamisha zaka kwenda kwenye ujenzi ni suala la kuwauliza mashekhe, wala si la fundi.)

Tarehe ziandikwe kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, maana 03/04 kwa mmoja ni Aprili na kwa mwingine ni Machi. Mwaka wa zaka ni wa mwezi mwandamo, pungufu kwa siku 10 au 11, kwa hiyo kuongeza siku 365 ni kumchelewesha maskini. Ujumbe kwamba hifadhidata imefungwa kwa kawaida ni ishara kwamba mwingine anaandika kwa wakati huo huo. Asubiriwe amalize, wala kompyuta isizimwe kwa nguvu.

Orodha ya wanaopokea zaka ni siri za watu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, mambo haya yana sheria ya nchi pia. Kila mtumiaji awe na neno lake la siri, na karani wa michango asiweze kufungua jedwali la wanaopewa. Nakala rudufu itolewe kwa amri ya programu yenyewe, kwa sababu faili lililonakiliwa huku likiandikwa laweza kutoka bovu. Sisi tunaitoa kila Ijumaa baada ya kuhesabu sanduku, na nakala moja haikai msikitini. Mara moja kwa mwezi tunaifungua kwenye kompyuta nyingine na kulinganisha mambo matatu: idadi ya kaya, idadi ya mayatima, na jumla ya kila mfuko. Kitabu cha jalada gumu bado kipo kabatini, na stakabadhi bado zinaandikwa kwa mkono.