CHAKULA CHA WENYEJI KATIKA ILALA: MGENI WA CHAMA APELEKWE WAPI?

Mara kwa mara chama cha msingi hupata mgeni kutoka nje: mnunuzi wa mazao, mjumbe wa shirika linalofadhili mradi, au wanaushirika wa nchi nyingine. Aghalabu mgeni huyo hulazwa katika hoteli za ufukweni, kama zile za Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, ambako chakula hupikwa kwa kuufuata ulimi wake mwenyewe. Siku ya pili au ya tatu huuliza: "Ninyi wenyewe mnakula wapi?" Katibu asiyelijua jiji humpeleka katika hoteli nyingine kubwa. Hivyo mgeni hurudi kwao akiwa ameuona mchele wa chama ndani ya gunia tu, asiwahi kuuonja ukiwa wali.

Yafaa kwanza neno lenyewe lieleweke. Katika mitaa ya Ilala, na hasa Kariakoo, kibao kilichoandikwa "Hoteli" mara nyingi hakina maana ya nyumba ya kulala wageni. Ni mahali pa kula, penye meza mbili tatu na mabenchi. Chini ya hapo wako wapishi wa majiko ya mkaa waitwao mama lishe. Jina lao la zamani, mama ntilie, lilitokana na kauli ya mlaji aliyenyoosha sahani: "Mama, nitilie." Wanaume nao wameingia katika kazi hiyo, wakaitwa baba lishe. Wateja wao ni wapagazi, wachuuzi, madereva wa malori na makarani. Watu hawa hawali kwa kupunga hewa. Muda wao ni mfupi na fedha yao ni kidogo. Wakipunjwa leo, kesho wamehamia jiko la jirani. Kwa sababu hiyo benchi lililojaa wapagazi saa sita mchana ni ushahidi bora kuliko kibao chochote.

Chakula cha Ilala hufuata saa. Asubuhi ni supu na chapati, vitumbua, maandazi, uji, na mihogo. Kuanzia saa sita hadi saa nane mchana ni wali au ugali, pamoja na maharage, mchicha, dagaa, samaki au nyama. Jioni huja mishikaki na pweza. Anayefika saa kumi alasiri hukuta masufuria yakioshwa, akadhani kwamba wenyeji hawana chakula. Katika mwezi wa Ramadhani mambo hugeuka: mchana majiko mengi huwa yamezimwa, na magharibi hutoka futari ya magimbi, mihogo ya nazi, kunde na tambi. Mgeni aliyealikwa kufuturu na mwenyeji wa Kariakoo hana haja ya kutafuta hoteli.

Mahali penyewe huhama. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza cha Vita Kuu ya Kwanza, na soko kuu lililobuniwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975. Moto wa Julai 2021 uliliunguza soko hilo, na wafanyabiashara wake wakahamishwa. Wapishi wa mitaani wamehamishwa mara nyingi zaidi. Mwaka 1983 walikumbwa na msako wa Nguvu Kazi. Kuanzia Desemba 2018 wafanyabiashara wadogo walipewa vitambulisho kwa malipo ya shilingi 20,000. Na mwishoni mwa mwaka 2021 wakaondolewa tena kando ya barabara. Kwa hiyo maelekezo ya miaka iliyopita yasitegemewe. Aulizwe mpagazi.

Samaki hutafutwa Feri, Kivukoni, ambako vyombo vya wavuvi hushusha na samaki huuzwa kwa mnada. Mgeni aweza kumwona nguru akinadiwa, kisha akatembea hatua chache hadi kwa wakaangaji. Aende asubuhi.

Wali ndio wenye uzito zaidi kwa vyama. Mchele wa Kyela umejipatia sifa nchini kwa harufu yake nzuri, na sifa huvuta bei. Kwa sababu hiyo hiyo mchele wa mahali pengine huuzwa kwa jina la Kyela, au huchanganywa nao. Mkulima wa Kyela hupoteza mara mbili: jina lake hushindana naye sokoni, na mlaji asiyeridhika humlaumu yeye. Mkulima wa Kilombero au Shinyanga aliyelima mchele mzuri naye hupoteza, kwa maana kazi yake imekosa jina. Mama lishe si wa kulaumiwa. Hununua kilo chache kila siku, na hajui ila aliloambiwa na muuzaji. Lakini sufuria haina siri. Mchele uliochanganywa huiva kwa vipindi: punje nyingine zimekwisha kupondeka, nyingine zingali na kiini kigumu.

Basi chama cha wakulima wa mpunga chenye mgeni mnunuzi kichukue kilo 3 za mchele wake, kilizozikoboa chenyewe, kizifikishe kwa mama lishe siku moja kabla, na kumlipa mkaa, nazi na kazi yake. Mgeni ale wali huo kwa maharage, na jirani yake mpagazi ale wali wa siku zote, kisha waonjeshane. Asipoitambua tofauti mwenyewe, mpagazi atamwambia.

Kuhusu vinywaji, dafu hufunguliwa mbele ya mnywaji, na kahawa ya birika, inayochemka juu ya makaa na kunywewa kwa kashata, haina hatari. Juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na tangawizi na ndimu ni nzuri, lakini barafu yake iulizwe imetoka wapi. Kipindupindu kilicholipuka jijini mwaka 2015 kiliwafundisha wapishi wengi kuchemsha maji. Aliyechemsha hachukii kuulizwa. Gongo isiguswe kabisa, hata kama mwenyeji ataisifu.

Bei ya mgeni iwe ile ile ya mpagazi, na katibu aiulize kabla ya kuketi. Siku bora ni ya kazi. Jumapili maduka mengi ya Kariakoo hufungwa, na mama lishe wengi huwa nyumbani kwao.